Kibao cha Trekta ya Régine

Watu wa mtaa wetu wa Kamalondo husema mimi Nasoro naijua injini kwa mlio tu. Ni sifa tamu, na sikuwahi kuikanusha. Ndiyo maana niliona haya siku Régine alipoingia gereji yangu, mwisho wa mwezi wa kumi, mbingu tayari zimeanza kunguruma.

Trekta yake ilikuwa imekufa pistoni, huko shambani upande wa Kasapa. Donat, dereva wa lori, angeondoka kesho yake kwenda Kitwe, ng'ambo ya mpaka, na kurudi mara moja tu kabla ya mvua. Mwenye duka la vipuri kule hauzi kitu bila kuambiwa aina ya mashine na mwaka wake.

“Bashemeji yangu banasema, kama shamba haina mbegu mwaka hii, batakamata udongo,” alisema Régine. “Papa Nasoro, angalia kibao.”

Kibao cha kiwandani, chenye jina la trekta na mwaka wake, hakikuwepo. Nilijua hakikuwepo, kwa sababu nilikitoa mwenyewe kwa tindo miaka mitatu nyuma, wakati serikali ilipopiga marufuku majina ya kizungu, ingawa mitaani tuliendelea kuitana yale yale. Mumewe, marehemu Floribert, aliniletea trekta akasema jina la wazungu lisionekane kwenye maandamano ya chama. Nilitoa kibao, nikasaga namba, nikaipaka yote kijani. Nilijiona mwananchi kweli kweli.

“Lakini mwaka minajua,” Régine aliendelea. “Alinunuaka mupya, mwaka ile tulioanaka. Soixante-quatre.”

Tukaenda shambani. Nilifungua kifuniko cha injini, nikahesabu injekta, moja kwa kila pistoni: nne. Nikahesabu tena, maana za mwaka sitini na nne ninazozijua zina tatu. Nikachukua kisu, nikakwangua ile kijani. Ndani nilitarajia nyekundu, rangi ya trekta za Massey Ferguson. Nikakuta kijivu, na kwenye bloku ya injini rangi ya shaba, kama waya mpya. Hizo ni Ferguson za mwanzo, kabla kampuni haijaanza kupaka nyekundu. Hamsini na sita, au saba.

Hapo ndipo nilipoelewa. Floribert hakuwa na habari na maandamano. Alitaka mkewe asisome mwaka, na mimi fundi hodari nikamsaidia, tena kwa furaha. Nilikasirika, na marehemu hasemwi vibaya, kwa hiyo hasira ikanirudia mwenyewe. Nikiandika sitini na nne kwenye karatasi ya Donat, jina la marehemu linabaki safi, pistoni zisizofaa zinakuja, na shamba linakwenda.

“Mama Régine,” nikasema, “hii haiko ya soixante-quatre. Iko ya cinquante-sept. Alinunua ya zamani. Na kibao, mimi mwenyewe njo nilitoa. Aliniomba.”

Alikaa juu ya gurudumu la mbele. Nilidhani atanifukuza.

“Wakati alinioa,” alisema polepole, “aliniambia iko na miaka trente. Siku ya kumuzika, dada yake alisoma quarante-huit.”

Nikahesabu: aliyekuwa na thelathini mwaka sitini na nne angezikwa na arobaini tu, si arobaini na nane.

Akacheka. Akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Nilisimama pale na kisu changu, nimeona huruma na sijui niweke wapi mikono. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge.

“Andika cinquante-sept. Yeye nilishamuzika. Mahindi bado.”

Niliandika kwa herufi kubwa, nikachora na injekta nne ili mwenye duka asijifanye hakuelewa. Donat alirudi baada ya siku tisa. Pistoni ziliingia zote nne, bila kusukumwa.

Wiki ya mvua ya kwanza nilipita kule kusikiliza injini. Mashemeji wawili walikuwa wamesimama ukingoni mwa shamba, viatu mkononi, wakimsubiri. Régine alikuwa juu ya trekta, nyuma yake udongo mweusi umepinduka mistari kumi na zaidi. Alifika karibu nao, akageuza usukani, akarudi na mstari mwingine, na hakusimama kuwasalimu.