Kopo la Tisa

Mama hakuwa anaogopa kufa. Alikuwa anaogopa kuambiwa amesahau. Bibi, mama yake, alimaliza miaka yake minne ya mwisho akiwauliza wanawe ni watoto wa nani, na mama, aliyekuwa kitinda mimba, ndiye aliyemlisha na kumjibu. Kwa hiyo alipofika miaka sitini na minane alianza kujichunga kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Akipoteza mkasi, anausaka nusu saa bila kuniuliza. Akiniita kwa jina la mjomba, anawahi kucheka kabla sijacheka mimi.

Dada yangu ni nesi, anaishi mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi. Kila Jumapili alipiga simu na kusema lilelile: mama ahamie kwake, ghorofa ya tatu, apate mtu wa kumwangalia. Mama alimjibu kwamba ghorofani hakuna udongo. Akaongeza kwamba siku atakaposhindwa kuikumbuka bustani yake, atapiga simu mwenyewe aombe kuchukuliwa. Alilisema hilo bila utani, kama mtu anayetia sahihi.

Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba: matuta kumi na manne, kuanzia ukuta wa jikoni hadi kwenye ua wa jirani. Mama ni fundi cherehani, na kumbukumbu zake za bustani zilikuwa za kifundi vilevile. Mbegu alizihifadhi kwenye makopo ya maziwa ya unga, yote saizi moja, na kila kopo lilifungwa uzi wenye kifungo. Kifungo cheupe cha shati kilikuwa bamia. Cha kijani, mchicha. Chekundu kilichokatika ukingo, maharage ya sokoni, ya kula tu. Na kopo la maharage ya baba lilikuwa na kifungo kikubwa cheusi cha koti.

Kwa macho, maharage ya baba hayakuwa na tofauti na ya sokoni. Ungeyachanganya mkononi usingeweza kuyatenga. Tofauti uliiona shambani: ya sokoni yanakaa chini kama kichaka, ya baba yanatambaa. Yalipanda juu ya fito mpaka yakazidi kimo cha mtu, na jua kali halikuyatisha. Baba alikuwa dereva wa lori, na kila alipokuwa nyumbani aliyachambua punje kwa punje, msimu baada ya msimu, kwa miaka kumi na mmoja. Alipofariki, mama akaendelea kwa miaka saba. Alipanda, akala kidogo, akabakiza kopo moja. Majirani waliowahi kugawiwa waliyapika yote. Kopo lile ndilo pekee lililobaki duniani.

Mimi nina kibanda cha kuchapa barua na kutengeneza kompyuta. Hakuna aliyenifundisha kazi hii, na nilihakikisha kila mtu anajua hivyo. Nilipomwona mama akihesabu vifungo kwa kidole, midomo ikimcheza, nilisema basi, mateso haya nayamaliza mimi.

Niliandaa jedwali, mama akinitajia hata ya misimu iliyopita, mimi nikiandika. Safu ya kwanza namba ya kopo, ya pili jina la mbegu, ya tatu mwaka wa mavuno, ya nne tuta, ya tano matumizi: kupanda au kula. Nikaunganisha na kalenda, simu yangu ikawa inalia siku ya kusia mbegu, siku ya kupandikiza, siku ya kutia mbolea. Mama alinitania kwamba hatimaye nimemletea mkwe, ila mkwe mwenyewe hafui wala hasalimii, na kila jioni yuko mapajani kwangu.

Lakini jedwali lilifanya kazi. Msimu wa kwanza lilituonyesha kwamba nyanya zilikuwa zimerudiwa kwenye tuta moja mara tatu mfululizo, ndiyo maana zilikuwa zinanyauka. Tukazihamisha. Zikazaa mpaka tukagawa kwa ndoo. Mama alimsimulia dada kwenye simu, akamaliza kwa kusema sasa hata akisahau hakuna kitakachopotea. Nilivimba kichwa siku ile. Kilikuwa kichwa cha kuvimba kwa urahisi.

Ndipo nikavikata vifungo. Nilichapa namba kwenye karatasi za gundi, nikabandika moja hadi kumi na mbili, nikayapanga makopo upya kwenye rafu karibu yote kwa alfabeti; la sokoni tu lilitangulia la baba. Mama aliomba kile cheusi tu kibaki. Nilimwambia mfumo hauna upendeleo. Jina liko kwenye jedwali, kopo linahitaji namba basi. Alivikusanya vifungo kwenye kiganja, akavirudisha kwenye mkebe wake wa kazi. Baada ya wiki chache vilikuwa kwenye mashati ya watu.

Kosa lenyewe lilichukua sekunde mbili. Kabla ya msimu uliofuata nilitaka kumchapia mama orodha nzuri ya kubandika mlangoni, majina yakifuatana kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina peke yake, nikaamuru ipangwe. Kompyuta ikaniuliza kama nataka safu za jirani ziende pamoja nayo. Sikusoma swali. Watu wa kusoma maswali ni wale wanaojifunza, mimi nilishajua. Nikabonyeza, majina yakahama, namba na matumizi vikabaki palepale, na mimi nikachapa karatasi ya namba na majina tu, nikaibandika mlangoni kwa fahari.

Siku mbili kabla ya kupanda, mama alikuwa amesimama mbele ya rafu, ameshika kopo la tisa.

"Hili ni la baba yako," alisema.

Nilitazama karatasi. "La tisa ni ya sokoni, mama. Ya kula. La baba ni la nane."

"La tisa. Nililijaza mwenyewe."

"Imeandikwa hapa."

Alilisogeza sikioni, akalitikisa, akasikiliza. Akafunua kifuniko, akachota punje chache, akazigeuzageuza. Kisha akanitazama usoni, na nilichokiona machoni mwake sikukipa uzito wakati ule: alikuwa anatafuta kama nimeshagundua.

"Basi nimesahau," alisema.

Jioni ile alipika kopo zima la tisa. Tulipokuwa tunakula alisema, taratibu, kwamba yana ladha ya yale ya baba. Nikamjibu huku natafuna kwamba maharage ni maharage. Alikula kilichokuwa kwenye sahani yake, akanawa. Kesho kutwa yake tulipanda kopo la nane, tuta la sita, na mama akasimika fito.

Yaliota vizuri. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya nne nilimkuta amechuchumaa kwenye tuta la sita, anainua majani kwa ncha za vidole, mche mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa mstari. Miche ilikuwa mifupi, imejikunja, inaanza kutoa maua. Fito zilikuwa tupu.

"Hayatambai," alisema.

Nilimwambia tusubiri. Alitikisa kichwa. Alisema ni yeye: wakati wa mavuno alijaza makopo vibaya, ya baba akayatia kopo la kula na ya sokoni la kupanda, na jedwali la watu halina kosa, lilipokea alichokitamka. Alisema miaka saba aliyabeba, na ameyamwaga kwa mkono wake. Hakulia. Alibaki amechuchumaa, mikono imening'inia katikati ya magoti.

Niliingia ndani, nikafungua faili. Nilikuwa na nakala ya zamani, ya msimu wa nyanya. Nikaziweka mbili bega kwa bega; makopo kumi yalilingana, mawili ya maharage tu yalikuwa yamepishana. Kwenye ile ya zamani, kopo la tisa: maharage ya baba, kupanda. Kopo la nane: maharage ya sokoni, kula. Mama alikuwa sahihi kwa namba, kwa sikio na kwa ulimi.

Mtu mwingine angetoka mbio kumwambia. Mimi nilifunga kompyuta. Nilijipa mpaka kesho, nitafute namna ya kulisema ambayo haitanifanya nionekane mjinga mbele ya mwanamke niliyemkatia vifungo. Kesho ikawa siku nne. Siku hizo nne mama aliacha kushona, akisema anaogopa kuharibu vitambaa vya watu. Alichemsha chai akaja kuniuliza kama ameshatia sukari. Siku ya tano haikuwa Jumapili, lakini nilimsikia anazungumza na dada. Mama alikuwa amepiga mwenyewe.

Ndipo nikasema. Nilibeba kompyuta mpaka kitandani kwake, nikamwonyesha nakala mbili, nikamwelekeza kwa kidole mstari kwa mstari, nikamwambia ni mimi, nilibonyeza bila kusoma, yeye hakusahau kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika shavu kama mtoto.

"Una moyo mzuri, mwanangu."

"Mama, sikufariji. Ni kweli. Nakuapia."

"Usiape. Bibi yako nilikuwa nampikia mimi, halafu namwambia amepika yeye. Anafurahi." Alinitoa mkono shavuni. "Nilikuwa najua kuusema uongo huo kwa uso mkavu kuliko wewe."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia ni kiburi changu, si kichwa chake, aangalie tarehe za faili, amwite yeyote anayejua kompyuta athibitishe. Kadiri nilivyosema kwa nguvu, ndivyo alivyozidi kunionea huruma. Nikampigia dada, nikamweleza yote. Akaniuliza kwa sauti ya kazini, ile ya kuongea na ndugu wa wagonjwa, kwa nini basi nilisubiri siku nne. Nilimpa jibu la kweli, kwamba niliona haya, na hata mimi nilipolisikia lilisikika kama uongo.

Dada alikuja Ijumaa. Cherehani tulimpa jirani, makopo yakabaki rafuni. Teksi iliposimama mlangoni, mama aliomba dakika moja, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Aliinama kwenye tuta la mwisho, palipokuwa na boga moja kubwa chini ya majani, akalipangusa udongo. Alitaka kulibeba kwa dada. Aliinua mkono uliokunjwa ngumi kuligonga asikilize mlio wake, akaushusha.

"Hebu angalia kwenye kompyuta," aliniambia, "kama limekomaa."

"Ligonge, mama. Wewe ndiye unayejua."

Alilitazama boga, akanitazama mimi, akarudisha mkono ndani ya khanga. Dada alikuwa anaita kutoka mlangoni kwamba dereva anaharakisha. Nikapiga magoti udongoni, nikaligonga mwenyewe, mara moja, mara mbili. Mama alisimama juu yangu, akisubiri nimwambie. Sikujua sauti gani inatafutwa.