Mtu wa Kusimama Mwisho wa Uwanja

Kutengeneza uwanja wa ndege juu ya ziwa lililoganda ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasimama mwisho, mbali kule ziwani, hatikisiki, na mwenzake anamwendea. Ndivyo tulivyofanya mimi na mume wangu Ezekias kila barafu ilipokomaa. Yeye alitangulia mpaka akawa nukta nyeusi kwenye weupe, kisha akanyanyua mkono. Mimi nikafunga viatu vipana vya wavu visivyozama thelujini, nikajifunga kiunoni kamba ya sleji ya kuburuta iliyojaa misonobari michanga, nikaanza kumfuata. Kanyaga theluji, chomeka mti, kanyaga, chomeka mti. Sikutazama miguu yangu. Nilimtazama yeye. Ukimtazama mtu unayemwendea huwezi kwenda upande.

Theluji ni blanketi. Ikilala nene, barafu inaelemewa, maji yanapanda kwenye nyufa na kujificha chini ya theluji bila kuganda. Ndege ikishukia hapo inazama viatu. Ndege zetu za majira ya baridi hazina magurudumu, zina mbao ndefu za kutelezea, na hizo ndizo tunaziita viatu. Lakini ukiikanyaga theluji, baridi inapenya mpaka chini, na kesho yake pamekuwa pagumu kama sakafu. Misonobari nayo ni kwa ajili ya macho ya rubani. Siku ya mawingu mbingu na ziwa huwa kitu kimoja, na asipoona kitu cheusi hajui chini ni wapi.

Ezekias alikufa majani yalipokuwa yakipukutika. Tulimzika kwenye rasi, na msalaba wake unaonekana kutoka mlangoni kwangu. Waliokuja kuzika waliondoka kabla maji hayajaganda. Binti yangu Rhoda, anayekaa mjini Thunder Bay, alitaka nipande ndege nao. Nikamwambia nina nyavu majini.

"Ziwa likishaganda nitakuja," nikasema, ili aache kulia.

Basi likaganda. Nikavua samaki chini ya barafu, nikapasua kuni, nikapika chai ya watu wawili na kumwaga ya mmoja. Siku zikawa hivyo. Kulikuwa na redio ya kuitana, ile inayosikika na kila mtu wa maziwa ya jirani, na siku moja Rhoda akanipata.

"Mama, ziwa limeganda?"

"Limeganda kidogo."

"Kidogo! Obadiah anasema huko kwao malori yanapita juu." Obadiah ni mjukuu wa dada yangu, rubani.

"La kwao ni la kwao."

"Mama, sikiliza. Obadiah anakuja na ndege Jumatano. Chumba kiko tayari, nimekuwekea kitanda karibu na dirisha."

"Dirisha linatazama nini?"

"Ukuta wa jirani. Lakini jirani mwenyewe ni mtu mzuri."

"Na baba yako nimwache na nani?"

"Baba hayupo, Mama. Ninayemhofia ni wewe. Ukianguka na kuni mkononi, nani atajua?"

Hapo sauti nyingine ikaingia, kavu kama gome. Ni Tilda, wa ziwa la pili. "Zilpah, nenda ukaoge maji ya bomba, acha ukaidi!"

"Tilda, nani kakuita?"

"Hakuna. Najiita mwenyewe."

Nikazima. Nikakaa nikitazama jiko. Nilikuwa nimeahidi, na ahadi ilikuwa imeniivia mikononi kabla sijawa tayari kuila. Lakini njia ya kubaki nilikuwa nayo. Nikiiacha theluji ilale, hakuna ndege. Nikisema barafu ni mbaya, hakuna ndege. Kwetu rubani akiwa angani hana jicho jingine ila neno la mtu anayekaa pale. Na kwa sababu hiyo neno la barafu halichezewi. Mtu anaweza kudanganya kuhusu samaki aliyemponyoka, kuhusu umri wake, hata kuhusu mapenzi. Barafu, hapana.

Nikatoka nikakata misonobari.

Nilichukua kafi la Ezekias na koti lake, nikaenda navyo mpaka mwisho wa uwanja ili visimame badala yake. Nikachomeka kafi. Nikalivika koti. Upepo ukaingia kwenye mikono ya koti ikanyanyuka. Nikalivua upesi, nikang'oa na kafi, nikarudi navyo nyumbani. Nikajiambia, Zilpah, uwanja huu unaujua, huhitaji alama. Nikakanyaga peke yangu. Kanyaga, chomeka mti. Mbele yangu hapakuwa na kitu.

Jumatano mbingu ilikuwa ya kijivu. Redio ikakwaruza.

"Bibi, Obadiah hapa. Barafu ikoje?"

Obadiah ni mtu mzima mwenye masharubu, na tangu utotoni ni mtani wangu. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe.

"Nimetoboa kwa mtaimbo pande zote," nikasema. "Ni nyeusi, imekaza. Mkono unaingia mpaka begani kabla ya kufika mwisho wa barafu."

"Na theluji?"

"Nimekanyaga."

"Nani kakusaidia?"

"Mbweha."

"Haya. Chemsha chai, mchumba wangu."

Ndege ikaja ikinguruma, ikazunguka, ikazunguka tena. Nikawaza, anatafuta nini huyu, miti si hiyo? Hatimaye ikashuka, ikateleza vizuri, kisha ikayumba na kusimama kiatu kimoja kikiwa nje ya misonobari, kimezama kwenye theluji laini. Obadiah akaruka chini.

"Bibi! Ulikuwa unatengeneza uwanja au unamfukuza sungura?"

"Toa matongotongo. Uwanja umenyooka."

"Umenyooka kama mbavu zangu! Njoo. Simama hapa mbele ya pua ya ndege. Tazama."

Nikatazama. Misonobari ilianza vizuri, mistari miwili kama reli. Halafu ikaanza kuegemea, kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia kanisani. Halafu ikakata kabisa kuelekea rasini. Ukifuata mti wa mwisho kwa macho, unafika msalabani.

Obadiah alikuwa amefungua kinywa kuongeza utani. Akakifunga. Akavua glavu, akaivaa tena.

"Kushuka nimeweza kwa sababu ndege ni nyepesi," akasema. "Kuruka na wewe na mizigo yako, kwenye kona hii, siwezi."

"Basi ruka peke yako."

"Naweza. Nikiigeuza, nikitumia hiki kipande kilichonyooka, nitaruka." Akanitazama. "Niambie tu nikamwambie nini Rhoda."

Nikampa chai. Akanywa akiwa amesimama, akala mkate na samaki wa moshi, akafuta masharubu.

"Au tuunyooshe," akasema. "Nikanyage kipande kipya, baridi ya usiku ikigandishe, tuondoke asubuhi. Wewe kasimame mwisho."

"Mkanyagaji ni mimi."

"Na mgongo huo? Nenda kasimame, Bibi."

Nikaenda. Kwa mara ya kwanza maishani nikasimama pale alipokuwa akisimama Ezekias, nikanyanyua mkono.

Miaka yote nilimtania kwamba kazi yake ni ya kivivu. Nilimwambia, wewe umesimama tu kama kigogo, mimi navunjika kiuno. Naye alicheka tu. Sasa nikajua. Ukisogea, mstari unapinda. Huwezi kwenda kumsaidia anayekuja. Miguu inakufa ganzi, upepo unakukata uso, nawe unamwona mtu kule mdogo kama chawa, anainama, anainuka, na kwa kitambo kirefu haonekani kukaribia hata kidogo. Huna la kufanya ila kutaka afike. Ezekias alikuwa akitaka nifike, kila mwaka, na mimi nilidhani anapumzika.

Nikasimama. Mstari ukaja kwangu umenyooka kama uzi. Obadiah aliponifikia alikuwa na barafu kwenye kope, akasema, "Wewe, kumbe unajua kusimama."

"Nimejifunza leo."

Alikokota miti miwili akaiingiza chini ya viatu vya ndege visigande na kushikwa. Nami nikaingia ndani kabla jua halijazama, nikawasha redio.

"Rhoda."

"Mama? Mko wapi? Mbona hamjafika?"

"Kesho. Ukija uwanjani, simama mahali nitakapokuona. Usisogee."

"Nisimame wapi?"

"Popote. Ila usisogee."

"Amina!" ikasema sauti ya Tilda, na mara hii sikumgombeza. Alibaki kwenye redio, nikamsikia anapumua.

Asubuhi nilizima jiko. Nilipeleka majivu nje, nikafunga mlango kwa kamba, nikaacha kafi na koti vimening'inia ndani. Rasini sikwenda. Ningekwenda, nisingerudi.

Tulipopaa, Obadiah aliinamisha bawa bila kuombwa. Nikaona kila kitu chini. Mstari mmoja mnyoofu, mpya, unaoishia mahali nilipokuwa nimesimama. Na ule wangu mwingine, unaotoka katikati yake, unakwenda polepole kwa Ezekias.

"Umeona?" Obadiah akauliza.

"Tazama unakokwenda, wewe," nikasema.

Mjini, Rhoda alikuwa kwenye uzio wa uwanja, koti jekundu, mkono juu. Watu wakampita, mizigo ikampita, mtu akamsukuma bega. Hakusogea. Nikamwendea, mgongo ukiniuma, nikimtazama yeye tu.

Chumba ni kizuri. Kina joto, na jirani kweli ni mtu mzuri, ameniletea keki. Dirisha linatazama ukuta wake. Majira ya baridi yamerudi, na Tilda amenipigia simu kutoka nyumbani kwa mwanawe kuniambia ziwa letu limeganda mapema mwaka huu.

"Na theluji?" nikamwuliza.

"Imelala nene," akasema. "Nani wa kuikanyaga?"