Sura ya Mama Ukutani

Mimi nikiona kigae kizima sina habari nacho. Nikiona kilichovunjika, moyo unacheka. Mume wangu ni fundi wa kutandika vigae, na tangu tuoane hilo ndilo ugomvi wetu: yeye akivunja kimoja kazini anasonya, mimi akiniletea vipande nashangilia. Majirani wamempa jina la Pimamaji, kwa sababu hawezi kukaa kwenye meza iliyoinama hata kidogo bila kuuchomekea mguu kipande cha karatasi. Mimi wananiita Mama Takataka, na siwalaumu. Uwani kwangu kuna ndoo za vigae, sahani zilizopasuka, vikombe visivyo na mikono, chupa, hata sinki moja lililokatika katikati, na ole wake atakayegusa. Lakini huko kwenye kuta za hoteli na zahanati takataka hizo hizo nikizibandika ni samaki, ni maua, ni ndege, na watu wanasimama mbele yake kupigwa picha. Kwa hiyo waseme tu.

Mama yangu alihamia kwetu baada ya kumbukumbu kuanza kumtoroka. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, na hakusahau kila kitu, la. Wanafunzi wake wa zamani anawajua kwa majina na kwa utundu wao. Jedwali la kuzidisha analo kichwani. Ila mimi, mwanawe wa kumzaa, ananiita mwenye nyumba. Kila asubuhi anavaa viatu, anashika mkoba wake, anakuja jikoni kuniaga kwa adabu zote.

"Mama mwenye nyumba, nashukuru sana kwa malazi. Umenitunza vizuri, Mungu akulipe. Sasa niruhusu niende kwangu."

Na kwake hakupo tena! Nyumba ile ilipasuka kuta mpaka ukawa unaona nje ukiwa ndani, ikabidi mimi na kaka yangu tuibomoe kabla haijamwangukia. Ukimweleza hivyo analia, kwa sababu kwake ni habari mpya kila mara, na mimi sina moyo wa kumliza mama yangu kila asubuhi. Basi namwambia, "Kunywa chai kwanza, mama." Anakunywa, anasahau, na jua likianza kupoa anakuja tena kuaga.

Siku moja nilikuwa uwani nagonga vigae, nyundo inapiga kelele, sikusikia mama akifungua lango. Tulimkuta njia panda, katikati ya barabara, mkono juu, anaamrisha malori yapange mstari. Na yalikuwa yamepanga, nisiseme uongo. Lakini dereva wa lori la mbele alikuwa ameshuka anatetemeka mwili mzima, maana breki zilishika mama akiwa hatua mbili tu mbele yake.

Kaka yangu alikuja siku hiyo hiyo. Sisi tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hata salamu anaitoa kama yuko mkutanoni. Safari hii hakuhutubia. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akavua miwani, akasema:

"Dada, tusidanganyane. Hapa mama anajiona mgeni. Mtu anayejiona mgeni lazima aage aondoke. Kule kwa masista kuna nyumba ya kulea wazee, wauguzi wapo, lango linafungwa. Akitoka tena, nampeleka."

"Umpeleke nani? Mama yangu ni furushi?"

"Ni mama yetu," akasema polepole.

Hapo alinimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kumrarua, nikabaki naangalia miguu yangu, maana macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu.

Usiku ule sikulala vizuri, lakini nilipoamka nilikuwa najua la kufanya. Tulipobomoa nyumba ya mama nilikusanya kila nilichoweza kubeba: vigae vya kijani vya jikoni kwake, vyungu vyake vya maua vilivyopasuka, vipande vya sakafu nyekundu aliyokuwa akiipiga nta mwenyewe, na sahani za maua ya buluu, zile za wageni, ambazo tulikuwa tukichapwa tukizigusa na ambazo zilivunjika zote njiani siku ya kuhama. Nitachukua vitu hivyo, nikamwambia Pimamaji, nitengeneze uso wa mama ukutani, pale barazani kando ya mlango. Atakayefika ajue hii nyumba ina mwenyewe. Na wa kwanza kujua awe yeye.

Pimamaji alijikuna kisogo. "Uso? Wewe si mtu wa samaki?"

"Nikihitaji ushauri nitakuita."

"Hutaniita," akasema, na akaenda kuniandalia ukuta.

Sasa nieleze kazi ilivyo, maana bila hivyo hutaelewa nilivyojiaibisha. Sahani ni nyembamba na kigae ni kinene, ukivibandika ukutani kimoja kimoja utapata uso wenye matuta. Kwa hiyo unafanya kazi mezani. Unachora kwenye karatasi ngumu, mimi natumia ya mifuko ya saruji, halafu unagandisha vipande kwa uji wa unga, uso wa kila kipande ukiangalia chini, mgongo juu. Ukimaliza unapaka ukuta saruji laini, unabeba karatasi na vipande vyake, unaikandamiza pale yote kwa pamoja. Kisha unailowesha maji karatasi, unaibandua, na hapo ndipo unaona kazi yako kwa mara ya kwanza, imenyooka, inang'aa. Mezani nilikuwa pia naweza kumwangalia mama, na hiyo ndiyo sababu kubwa.

Nilichora kutoka kwenye picha ya siku aliyostaafu. Nilimwonyesha kwanza. Aliishika mbali, akaishika karibu.

"Huyu namfahamu," akasema. "Tulifundisha naye. Anajisikia sana huyu."

Nilicheka mpaka nikashika meza, halafu nikaenda jikoni nikalia.

Lakini siku zile za kazi, jamani, zilikuwa tamu. Nilimkalisha mbele yangu na trei za vipande, achambue rangi. Kumbe ndio nimemrudishia darasa. "Wewe mwekundu, umefuata nini huku kwa wabuluu? Hebu rudi kwenu." Kipande chenye ncha kali alikitenga pembeni, "huyu ana fujo, akae peke yake mpaka atulie." Nikikosea kupanga alinigonga mkono kwa rula. Pimamaji akirudi kutoka kazini alikuta tunabishana kuhusu kivuli cha shavu, naye anajiingiza, "Mama, mwadhibu huyo, kichwa chake kigumu," na mama anamjibu, "Wewe kijana una adabu, kaa mbele." Kuna siku alisahau kabisa kuaga. Mimi sikusahau kuhesabu hiyo kuwa ni heri.

Kazi ilipokamilika nilimwita kaka aje ashuhudie. Nilitaka aone kwa macho yake. Mama alikuwa amelala chumbani. Pimamaji alipaka saruji ukutani, akaipima kama ilivyo ada yake, tukabeba karatasi pamoja, tukaikandamiza kwa ubao, tukaingoja ishike kidogo. Nikalowesha. Nikaanza kubandua kutoka kwenye kidevu kwenda juu.

Ngozi ilikuwa imetoka vizuri, hudhurungi ya vyungu vya maua. Kilemba kilikuwa cha maua ya buluu. Nyuma yake kijani cha jikoni. Macho yalikuwa ya mama, nilijua nimeyapata. Nikarudi hatua kadhaa nyuma nitazame yote, na moyo ukanidondoka.

Mama ana kidoa cheusi kwenye shavu la kushoto. Pale ukutani kilikuwa kwenye shavu la kulia. Fundo la kilemba, ambalo halijawahi kukaa upande mwingine tangu nizaliwe, lilikuwa upande mwingine. Hata tabasamu lake, lile la kupanda upande mmoja tu, lilipanda upande wa kule. Ukifanya kazi kwa kulaza vipande kifudifudi, kila kitu kinageuka, kwa hiyo mchoro lazima uugeuze kabla ya kuanza. Mtoto wa juzi kwenye kazi hii anajua. Lakini mimi maisha yangu nimefanya samaki, na samaki akitazama kulia badala ya kushoto nani atamuuliza?

Kaka alisogea karibu na ukuta. "Dada," akasema, "ni kazi nzuri sana. Lakini siyo yeye."

"Naona!"

"Sisi wenyewe tunaona siyo yeye. Yeye ambaye hata kwenye picha hakujitambua…"

"Nimesema naona! Una shida gani wewe, lazima kila kitu kiwe na hotuba?"

Hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nyumba nzima ya mama, kila kilichobaki kwenye kifusi, nilikuwa nimekitumia kutengeneza mwanamke nisiyemjua. Vigae kama vile havipatikani tena. Nikamgeukia Pimamaji.

"Saruji bado mbichi?"

"Bado. Ukibandua sasa hivi vipande vitatoka vizima. Ukichelewa hata kidogo, basi." Akanitazama. "Lakini tulia kwanza, mke wangu."

Nani atulie? Nikachukua mwiko, nikapiga magoti, nikaingiza ncha chini ya kona ya kijani. Kipande cha kwanza kikatoka. Na mlango ukafunguka.

Mama alisimama pale, viatu miguuni, mkoba mkononi.

"Mama mwenye nyumba," akaanza, "nashukuru sana kwa ma…"

Akauona ukuta.

Alisogea. Aliinamisha kichwa kidogo huku, akakiinamisha kule. Akainua mkono wake wa kushoto, akagusa kidoa chake shavuni, macho hayatoki kwa yule wa ukutani, ambaye kidoa chake kilikuwa upande ule ule wa mkono ulioinuka. Akalegeza fundo la kilemba, akalikaza upya, akajitazama tena kama limekaa sawa. Halafu tabasamu lile la upande mmoja likapanda, kwake na kwa yule.

"Ala! Kumbe niko hapa," akasema. "Siku zote mnanizungusha, kumbe niko hapa hapa kwangu."

Pimamaji aliniinamia, akaninong'oneza. "Sisi tunamjua kwa kumtazama. Yeye uso wake amewahi kuuona wapi, kama siyo kwenye kioo?"

Kaka yangu, Mheshimiwa, mtu wa hotuba, alikuwa ameegemea nguzo anajifuta machozi kwa tai. Mimi nilibaki nimepiga magoti na mwiko wangu.

Mama akaniona.

"Na wewe fundi, mbona unanichokonolea ukuta? Rudisha hicho kipande ulipokitoa."

Nikakirudisha. Nilikikandamiza kwa kidole gumba, yeye amesimama juu yangu anakagua. "Bonyeza zaidi. Hapo. Sasa nawa mikono." Kisha akautundika mkoba wake kwenye msumari wa barazani, akageuka, akasimama katikati ya mlango wangu, ambao tangu siku ile haukuwa wangu tena, na akafungua mikono.

"Karibuni ndani basi, mtasimama nje mpaka lini? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wanaume wakaingia, kila mmoja akisema asante mama. Mimi nilikuwa wa mwisho. Alinizuia kidogo kwa kunishika bega, akanichunguza uso, vumbi la saruji na machozi na yote. Nilisubiri. Nitasema ukweli, nilitumaini, maana kama amejitambua yeye, huenda na mimi angenitambua.

"Umechoka wewe, binti," akasema. "Leo hutaondoka, utalala hapa kwangu. Mama yako anajua uliko?"

"Anajua, mama."

"Vizuri," akasema, akanifuta shavu kwa kiganja. "Asije akakaa huko ana wasiwasi." Akanishika mkono, akaniingiza ndani.