Nyota Kumi na Moja

...na kalamu yenyewe haina shida, inaandika, shida ni huu mkono, bosi ameweka kidole pale pa kutia sahihi, "Hapa tu, mama, kuanzia Jumatatu wewe ndiye msimamizi, nyota utazigawa wewe," na wifi yangu kwenye cherehani ya pembeni ananisukuma kwa kiwiko, "Wifi, unangoja nini, wenzako wanaililia nafasi hii," najua, hata mimi niliililia, nyota kumi na moja za karatasi ubaoni mbele ya jina langu, mtu mzima na akili zangu nashindania karatasi za kung'aa kama mtoto wa chekechea... ilianza hivyohivyo, mashati mengi nyota nyingi, tukaacha kufunga uzi mwisho wa mshono, unaokoa sekunde tatu, mkaguzi anatazama mbele tu, nani atageuza ndani, marehemu mama angegeuza, yeye shati alianza kulitazama kwa ndani, "Nje kila mtu anaweza kudanganya," na mimi miaka kumi na tisa nilifunga kila uzi bila kuambiwa na mtu, bila nyota, narudi nyumbani nimechoka lakini moyo mweupe, siku hizi nachoka tu... "Wifi, bosi anangoja," na angoje, jana mwalimu kaleta shati la sare, kola imembakia mtoto mkononi, kachekwa na darasa zima, na ndani ya shati namba yangu ya ushonaji, yangu mimi, bosi eti bahati mbaya, bahati gani, sare zile ndizo zilizonipa nyota ya nane... nikajiambia nitaikubali nafasi hii kwa ajili ya wanangu, nikiwa juu nitabadilisha mambo, sababu tele, nilizipanga njia nzima nikija kazini, kumbe leo asubuhi kabla hata sijaketi mikono ilishashika wembe, inafumua kola za jana, ishirini na sita, inazifunga upya moja moja, sikuituma, kichwa kinatafuta sababu na mikono imeshakata shauri... atakasirika, shauri yake, atanirudisha kwenye kushona vifungo vya mashati, vifungo navijua... kidole bado palepale, kalamu bado hewani, bosi anatabasamu, nami wala siogopi tena, namtazama tu, nangoja aniulize mara ya pili nimwambie hapana, na nyota zangu azibandue mwenyewe, aanze na ile ya nane.