Mahali pa Kulaza Boti ya Zimamoto

Sheria ile Marcelina aliipigania mwenyewe. Mafuta ya boti yalipoharibu dagaa wa wanawake wa ufukwe wa Bangwe, alikwenda manispaa mara kwa mara mpaka ikapitishwa: chombo chenye injini kisilale mbele ya mchanga wa kuanikia dagaa. Ilikuwa sheria nzuri. Sasa ilimkaa kooni kama mwiba.

Wakimbizi walikuwa wakija kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani, katika boti zilizoshindiliwa watu. Moja iliwaka moto mbele ya Bangwe, kina mama wakiiona. Boti ya zimamoto ilikuwa ikilazwa ng'ambo ya ghuba, kwa kuwa Bangwe ilikatazwa, na ilipofika iliwakuta wale waliojua kuogelea tu. Armelle, mmoja wa wakimbizi hao, alitoka majini mikono mitupu. Mwanawe alibaki ziwani. Tangu siku hiyo aliishi kwa Marcelina, na Marcelina akaapa kwamba boti ya zimamoto italala Bangwe, watu wapende wasipende.

Leodgar, afisa wa manispaa, alimwambia sheria italegezwa iwapo waanikaji wote wataridhia. Waliridhia wote isipokuwa Eufrasia, maana boti ingelala kando ya sehemu yake. Na nani angemlaumu? Alikuwa mjane, dagaa ndio shamba lake. Kikaoni alisema huruma hailiwi na ugali.

"Mafuta yakimwagika, yataanza na nani?" akauliza.

"Yataanza na mimi," Marcelina akajibu. "Tubadilishane. Wewe njoo katikati, mimi nihamie kando ya boti."

Sehemu ya katikati ndiyo iliyopata jua mapema na wanunuzi wa kwanza, tena Marcelina aliirithi kwa mama yake. Wapo walionong'ona kwamba amerogwa. Akabeba turubai zake kichwani, akahama siku hiyo hiyo; Eufrasia naye akaridhia, na boti ikaja kulala Bangwe.

Asubuhi moja moshi ulionekana ziwani. Boti ya zimamoto ikachomoka pale pale ilipolala, ikarudi na watu waliolowa chapachapa. Katika pilikapilika za kuwashusha, dumu la petroli likapinduka juu ya dagaa wa Marcelina.

Eufrasia alikuja mbio, akasimama akingoja kilio. Marcelina alikuwa akimfunika mtoto mmoja aliyeokolewa kwa kitenge chake.

"Wamefika wote?" alimuuliza Hamdani wa zimamoto.

"Wote, mama."

"Basi ziwa lina dagaa wengine."

Roho ilimuuma, asikudanganye mtu. Mzigo ule ulikuwa wa kulisha nyumba yake. Lakini alichukua koleo, akaanza kuwazoa dagaa walioharibika bila kugeuka nyuma. Karibu naye Armelle alikuwa amempakata mtoto yule asiyemjua, anamkausha kichwa taratibu.

Eufrasia alirudi katikati. Akasukuma dagaa wake upande mmoja mpaka nusu ya mchanga ikabaki wazi, kisha akaja akamshika Marcelina mkono.

"Kesho utaanika kwangu," akasema. "Boti ilale hapo hapo."