Aliyekiingiza Kirusi Wodini

Wagonjwa wa wodi ya saratani ya damu walikuwa wamepungukiwa kinga kiasi kwamba mafua tu yangeweza kuwamaliza. Kwa hiyo wanne walipoanza kukohoa ndani ya wiki moja, na mmoja wao, mwalimu mstaafu, akafariki, kila mtu alitaka kujua nani wa kulaumiwa. Lawama zikamwangukia Mama Ndoo.

Mama Ndoo ndiye aliyekuwa akipiga deki wodini. Alisikika akikohoa koridoni, basi, ikawa imetosha. Akasimamishwa kazi.

"Kukohoa nilikohoa, dada, sikatai," alimwambia muuguzi aliyepewa kazi ya kufuatilia chanzo. "Lakini nimuue mwalimu? Yule aliyekuwa akiniita binti yake?"

Muuguzi alimpa pole ya mdomoni tu. Moyoni alikwisha kumhukumu. Hata hivyo kazi ni kazi: alichukua sampuli za pua za wafanyakazi wote, wakubwa kwa wadogo, akazipeleka maabara. Kisha akabandika karatasi kubwa ukutani, akachora vitanda na kuandika nani aliingia chumba gani, siku gani.

Siku ya tatu karatasi ikaanza kumsuta. Mama Ndoo hakuwahi kukanyaga chumba cha mwalimu wiki ile. Zamu haikuwa yake. Majibu ya maabara yakamalizia: kirusi chake kilikuwa cha aina nyingine kabisa. Kile cha wagonjwa wanne kilifanana na cha mtu mmoja tu, daktari bingwa, yule yule aliyemfundisha muuguzi kazi.

Muuguzi akaenda ofisini kwa daktari.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, binti yangu. Umempata?"

Akamwekea karatasi ya majibu mezani. Daktari alisoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani.

"Nilidhani kikohozi changu ni cha vumbi," alisema. "Mwenzangu alikuwa likizo. Ningelala nyumbani, nani angewaona?"

"Najua."

"Mwalimu alikuwa hasikii vizuri. Alitaka aione midomo yangu ninapozungumza. Nikashusha barakoa. Alifurahi sana siku ile."

Katika ripoti muuguzi aliandika yote, pamoja na kwamba daktari anayeumwa hakuwa na wa kumpokea zamu. Na kwa Mama Ndoo walikwenda wote wawili. Daktari aliomba radhi akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Muuguzi naye akakiri: "Hata mimi nilikudhania vibaya."

Mama Ndoo hakusema amesamehe.

"Wale watatu wanaendeleaje?" aliuliza.

"Wawili wamepata nafuu," alisema daktari. "Mmoja bado yuko kwenye oksijeni."

"Basi kaeni," alisema, akiwasogezea viti. "Mnieleze vizuri."