Kifua ya Véronique ku Dirisha

Bibi yangu Véronique, mama ya binti yetu Espérance, tulimuzika, lakini hakutoka ku hopitali. Najua neno ile inashangaza. Mwili yake tuliibeba siye wenyewe, mimi na kaka zake, tukaifikisha ku makaburi, pasta akaomba, watu wakatupa udongo. Ila kila mara nikipita mbele ya hopitali kubwa ya hapa Bunia, muchana, jua kali, pikipiki zinapiga kelele, nilikuwa nasikia pumzi yake. Pumzi ya Véronique ilikuwa na filimbi ndani. Inaingia vizuri, kiisha ikitoka inapiga fiii, kama maji inataka kuchemka ndani ya birika. Nililala pembeni ya ile filimbi miaka mingi. Siwezi kukosea.

Filimbi ilianza kule kwetu Fataki. Siku tulikimbia, risasi ilimuingia nyuma ya bega. Ku posti ya afya walimutoa chuma, wakamufunga kitambaa, wakasema imeisha. Tukafika Bunia, tukakaa ku site ya wakimbizi, kiisha mimi nikapata kazi ya kuchoma matofali na tukapanga nyumba ku mutaa ya Mudzipela. Yeye akauza sombe, majani ya muhogo, sokoni, anapumua fiii, anacheka na wateja. Watu walikuwa wanamusikia mbele ya kumuona.

Ile hopitali, familia yetu ilianza kuibeba zamani. Wabelgiji waliijenga kwa watu wao wa kuchimba zahabu. Baba yangu alikuja huku kibarua, akapandisha mawe ya musingi ku kichwa, lakini kulala ndani, hata na homa, hapana, ilikuwa ya wenyewe. Wabelgiji wakaenda, masista wakaishika, kukakuwa maziwa ya watoto na shuka safi. Wazee wakiongea juu ya wakati ule, utasema wanaongea juu ya harusi yao. Masista nao wakaenda. Vita ikakuja, watu wa mitaa yote wakajaza koridori, wanawake wakazaa chini ya meza. Kiisha wakubwa wakashuka na ndege kutoka Kinshasa, wakakata utepe, wakaandika ku mulango kusema sasa iko hopitali ya universite. Wakasema watoto wetu watasomea hapa, watatoka waganga, hakuna tena mutu wa Ituri atakufa bure. Tulipiga makofi. Mashini zilibaki zile zile za zamani. Kitu ya mupya ilikuwa oditware, ile nyumba kubwa ya kufundishia, na matofali yake mimi njo nilichoma.

Véronique alipoanza kukohoa damu, nikamuleta pale. Walimupiga picha ya kifua, ile wanaita radio. Asubuhi Profesere Jean-Claude akaingia na wanafunzi wake wa uganga, wastajere, bluzi nyeupe mpaka ku mulango, wanamufuata kama nyange nyuma ya ng'ombe. Akainua picha mbele ya dirisha. Karibu na moyo kulikuwa kitu nyeupe, kadogo kama mbegu ya muhindi. Kipande ya risasi. Ilikuwa imebaki ndani tangu Fataki.

Wastajere wakafanya "aaa!" Sura zao zilijaa furaha, utasema wameokota kitu barabarani.

Tangu ile siku hakuna asubuhi walikosa. Pumua, mama. Toa, mama. Tena. Kila mutu na chombo yake ya baridi ya kusikilizia. Véronique, na ugonjwa yake yote, alikuwa anatania tu.

"Baba Espé, leo nimepumulia darasa muzima. Watanipa diplome mbele ya kuwapa wao."

"Na kukupasua, wanasema ginsi gani?"

"Wanasema niko muzuri sana kwa kufundisha."

Kupasua! Munganga wa kupasua alikuwa Kinshasa, ku seminere. Grupe ya kutoa umeme ilikuwa haina mafuta ya mazutu. Nikaenda kwa mudirekta, Donatien, mutu wa tumbo na shati ya mikono mirefu. Akaniambia ripoti imepanda juu, tungoje. Nikamuuliza juu wapi, kwa Mungu? Akaita sentinele anitoe.

Véronique alikufa asubuhi, saa wastajere wanamuzunguka. Moja wao alikuwa ameweka chombo ku kifua yake. Akageuka, akasema: "Profesere, sisikii tena."

Njo vile nilijua nimefiwa.

Miaka ikapita. Sasa mwaka huu binti yetu Espérance akaniambia, "Papa, Jumamosi tunaondoa matanga. Pasta Emery amekubali. Ile kitambaa nyeusi ya matanga ku mukono yako imekuwa rangi ya majivu. Unatembea kama mulinda-mupaka."

"Mama yako hajatoka ku hopitali."

"Papa, nakuomba. Watu watasema umeharibika kichwa."

Kwetu, siku ya kuondoa matanga, vitu vya marehemu vinaondoka mahali viko. Nguo inagawiwa, mukeka inachomwa, kikombe inapata mwenyewe mwingine. Mama yangu alinifundisha kama kitu ya mufu ikibaki kwa watu wengine, mwenyewe anasimama ku mulango yao anaingoja. Nikafikiri-fikiri: nguo ziko kwetu, mukeka iko kwetu, kikombe iko kwetu. Anangoja nini kule?

Dorcas njo alinijibu. Ni jirani, anapiga deki ku hopitali. Alikuja kuchambua maharagi ya sherehe na Espérance, kiisha akasema:

"Baba Espé, mimi sikutaka kukuambia. Mama Espé iko ku oditware."

"Weye Dorcas, umekunywa?"

"Niko mushemasi, sinywi! Picha yake. Ile ya kifua. Iko imebandikwa ku dirisha. Ile mbegu nyeupe naijua, siku walimuonyesha nilikuwa na ndoo yangu pembeni ya kitanda yenu. Kila mwaka Profesere anamuonyesha wapya."

Espérance akaacha maharagi. Mwili tulizika, kifua wakabakia nayo.

Asubuhi nilivaa koti yangu ya kanisa nikaenda. Ku mulango kulikuwa Bruno, sentinele, anakula kikwanga yake ya muhogo.

"Muzee, unakimbilia wapi? Saa ya familia haijafika."

"Nakuja kuchukua bibi yangu."

"Iko sale gani ya wagonjwa?"

"Oditware."

Akacheka mpaka kikwanga ikamukwama. "Kule hakuna wagonjwa, muzee! Kule kuna wale watatuuwa kesho."

"Basi yeye njo anawafundisha."

Sijui aliona nini ku sura yangu. Aliacha kucheka, akafungua.

Mbele ya kufika ku mulango ya oditware nilianza kusikia. Fiii. Pumzi inaingia, inatoka, fiii. Ilikuwa kubwa kuliko zamani, ilijaza nyumba yote, utasema matofali yangu njo inapumua. Nikasukuma mulango. Wastajere walikuwa wamekaa kimya, vichwa chini, kama watu wa maombi. Na ku dirisha, na jua nyuma yake, Véronique. Mbavu zake zilikuwa kama paa ya nyumba haijaezekwa. Mbegu yake pembeni ya moyo, nyeupe. Jua ilipita ndani yake ikaanguka ku miguu yangu, na sikuweza kusogea sababu niliogopa kumukanyaga.

Musichana moja wa mbele akaniona, akapeleka mukono haraka ku meza, kwa telefone na kitu nyeusi ya kutoa sauti. Pumzi ikakatika. Mimi, ku akili yangu, nikasema: ananiona, njo maana amenyamaza.

"Papa, nani amekuruhusu kuingia?" Profesere akauliza. Nywele yake imekuwa nyeupe.

"Bibi yangu. Ule wa ku dirisha."

Hakuna mutu alicheka. Profesere akavua miwani.

"Ile picha haina jina, papa. Jina tulikata, ni heshima."

"Jina mulikata, yeye mukamubakiza."

"Unisikilize. Mwaka uliopita mwanamuke alitoka Aveba na pumzi hii hii. Orly huyu," akaonyesha musichana wa mbele, "alimusikiliza tu, akajua. Tukamupasua. Leo iko nyumbani kwake, analima. Ni bibi yako amemuokoa."

"Na mazutu ya grupe ilitoka wapi?"

Profesere akaangalia chini.

"Siku ile ilikuwako," akasema.

"Siku ile ilikuwako," mimi nikarudilia, ili wastajere wasikie vizuri.

Profesere akaenda ku dirisha, akabandua picha pole pole, pande zote, asiipasue, akanipa na mikono miwili, vile tunapana vitu kwetu. Hakuniangalia ku macho. Nikaikunja ndani ya koti na nikatoka. Ku barabara nilisimama mbele ya hopitali, nikategea sikio. Pikipiki, wauza ndizi, mutoto analia. Pumzi hapana. Nililia pale, mutu muzima, koti ya kanisa, mbele ya Bruno na kikwanga yake.

Jumamosi tuliizika ile picha ku kaburi, upande wa kichwa. Pasta Emery alikuwa anakuna sikio.

"Muzee, hii haiko ndani ya ibada."

"Pasta, weye omba tu. Shimo ni kazi yangu."

Akaomba. Tukarudi nyumbani, nguo ikagawiwa, Espérance akapata kitenge ya maua ya manjano, Dorcas akapata kikombe. Nilifungua kitambaa nyeusi ku mukono, nikaitupa juu ya mukeka, vyote vingoje moto. Watu walikula. Nami nilikula, na chakula ilikuwa na chumvi, kitu sikukuwa nimesikia tangu zamani.

Njo pale Orly aliingia, ule mustajere, amevaa robe ya kanisa, na sabuni ya zawadi ku mukono. Akapiga magoti kidogo, akanisalimia vizuri. Mutoto wa adabu, siwezi kumusema vibaya.

"Papa, nimekuja kukupa pole. Profesere amenituma. Na usibaki na huzuni, usifikiri umetunyima somo. Haikupotea. Siye wote tuko naye."

"Muko naye ginsi gani?"

Akatoa telefone. Kifua ya Véronique ilikuwa mule, kadogo, inawaka ndani ya mukono yake. Mbavu zote. Mbegu.

"Wale wamemaliza masomo wako nayo pia," akasema. "Wa Mambasa, wa Kisangani, kila mahali wametumwa kazi. Na pumzi yake tuko nayo. Wa zamani waliirekodi siku zile, Profesere anatusikilizisha. Siku ulikuja tulikuwa tunaisikiliza."

Alidhani ananituliza. Akabonyeza.

Fiii.

Watu walisimama na sahani ku mikono. Ile filimbi ilizunguka uwanja wangu, kati ya masufuria, juu ya mukeka. Espérance alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko, akasimama kama mutu amepigwa. Pumzi inaingia, inatoka. Kiisha sauti ya Véronique, karibu, imechoka, na kale kacheko yake ndani:

"Inatosha sasa, watoto? Nipumuzike?"

Na sauti ya Profesere, ingali ya kijana:

"Mara moja tena, mama."

Fiii.

Orly akashituka. Naona hakuna siku mutu alimusikiliza yule mama mpaka ku maneno. Wao walikuwa wanasikiliza kifua. Akashika telefone na mikono miwili. "Papa, nifute? Nafuta sasa hivi."

Na wale wa Mambasa? Na wa Kisangani? Kaburi ninaweza kuchimba. Lakini nitachimba ndani ya mifuko ya watu?

Kabla sijajibu, Espérance alipiga magoti pale pale mu udongo, machozi ku sura yote, akamushika Orly nguo.

"Usifute. Piga tena, dada. Nimusikie mara moja tena."

Nilienda ku mukeka, nikaokota kitambaa yangu nyeusi, nikaifunga ku mukono na meno.